Kanzu ya Kompyuta

Umewahi kumwona mtu na akili zake akigombana na sanduku? Simaanishi kulipiga teke limekwama mlangoni, hilo sote twalifanya. Nasema kuketi mbele yake, akalibembeleza, akalitisha, akaliapia wallahi leo nitakutupa kisimani, na sanduku lenyewe liko kimya, limemkodolea jicho la buluu.

Mimi nimemwona. Nimemwona ukumbini kwangu hapa Bofu, mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, kaskazi imekaza na Ramadhani inakaribia, joto hata kuku hawatoki kivulini. Na mgomvi huyo alikuwa mjukuu wangu Tumu, msichana ambaye paka akimwibia samaki alikuwa akimwambia, "Haya, kula, lakini kesho uje na adabu."

Tumu alikuwa amesomea kupiga chapa na kompyuta katika chuo kimoja mjini, akivuka feri asubuhi na kurudi magharibi. Alipomaliza hapakuwa na ofisi iliyomtaka, wote walitaka mtu mwenye uzoefu. Akakaa nyumbani akimsaidia mamake kukata vitambaa. Mamake ni binti yangu mkubwa, Mwanarehema. Mumewe alifariki Tumu akiwa mdogo, akarudi kwangu na cherehani yake, na tangu hapo akawa ndiye mshoni wa mtaa. Asubuhi hukaanga mahamri, mahamri yakimalizika huketi kwenye cherehani mpaka alasiri. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuudhi huongeza kukanyaga cherehani, basi.

Aliyeileta kompyuta ni mwanangu wa mwisho, Stambuli, mjomba wake Tumu. Stambuli alikuwa karani katika yadi ya makontena kule Changamwe, na alikuwa mtu wa kujua mambo. Ukimwambia jua limechomoza, atakueleza kwa nini. Kompyuta hakuinunua nzima. Alisema nzima hununuliwa na wasiojua. Alikusanya vipande kimoja kimoja, kioo huku, kibodi kule, vya ndani mahali pengine, na rafiki yake Ishaka, fundi mwenye karakana kulekule Changamwe, akaviunganisha vikawa kitu.

Siku ilipoletwa tuliacha kila kazi. Stambuli akaiweka juu ya meza iliyo karibu na dirisha: kioo katikati, mbele yake kibodi, ubavuni lile sanduku lenyewe limesimama wima, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Printa akaiweka juu ya kigoda. Akabonyeza kidude, sanduku likavuma kama nyuki walio mbali, kioo kikawaka. Tumu akaandika jina lake, tukaliona linatoka, herufi baada ya herufi, nyeusi tii. Akaandika jina langu, Mwanatabu. Nilihisi haya kidogo, kama kupigwa picha bila kujitanda.

Mwanarehema alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ametoka jikoni. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye herufi.

"Dada, dada, dada," Stambuli akamdaka mkono. "Mikono ina mafuta ya mahamri hiyo. Hiki si kinu."

Tukacheka. Mwanarehema naye akacheka, akajipangusa vidole kwenye leso, akarudi jikoni.

Kesho yake akaanza kuishonea kanzu.

Sasa hilo lisikushangaze. Nyumbani kwetu kila kitu chenye thamani huvaa. Redio ina nguo yake, televisheni ina pazia lake, friji ina shuka la mgongoni lenye mifuko, hata jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembezoni. Kitu kipya kukiacha uchi ukumbini, vumbi la njia laingia dirishani na jicho la kila apitaye laingia nalo, ni kama kumtoa mtoto mchanga nje bila kofia. Na kanzu ile, haki ya Mungu, ilikuwa nzuri. Popolini nyeupe, imedariziwa maua ya yasmini kwa uzi wa kijani na wa manjano, chini imetiwa lastiki ikalikumbata sanduku vizuri. Mbele aliacha tundu la kidude cha kuwashia na mwanya wa kutilia disketi, akaupiga mshono wa vifungo ili usichanike. Nyuma aliifunga yote ila vipenyo vya nyaya, kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa kubaya, kumejaa matundu kama chungio. Kila mgeni aliyeingia alisifu kanzu kwanza, kompyuta baadaye.

Kazi ya kwanza ya Tumu ilitoka kwa Maalim Khatibu. Maalim ndiye aliyekuwa akisimamia mtihani wa pamoja wa madrasa zetu, kuanzia hapa Bofu mpaka Mtongwe, na miaka yote karatasi zikiandikwa kwa mkono, wanafunzi wakilalamika hawasomi. Akaja, akakaa barazani, akamwambia Tumu, "Binti, ukiniandikia mtihani huu ukatoka safi na kwa wakati, basi kazi zote za madrasa ni zako, za mwaka huu na ujao. Ukinichelewesha nitapeleka mjini, na sitarudi tena."

Stambuli naye akaongeza lake. "Na mimi nasema mbele ya Maalim. Kazi hii ikiharibika, kompyuta naichukua nikaitumie kazini. Siwezi kuweka mali kama hii iwe pambo la ukumbi."

Tumu akasema, "Inshallah haitaharibika, mjomba."

Alianza Jumamosi asubuhi. Aliandika Fiqhi, akaandika maswali ya Sira, mimi nimekaa namenya vitunguu, nasikia vidole vyake vyaenda ta ta ta kama mvua ya kwanza juu ya bati. Kisha vikanyamaza. Kioo kilikuwa kimegeuka buluu yote, kina maandishi meupe ya Kizungu. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Kimya. Akazima, akawasha. Ikawaka, ikaenda kitambo kidogo, ikaganda tena, mara hii na maneno yakiwa nusu kwenye kioo, na alipotia disketi aliyokuwa akiwekea kazi, Fiqhi yote ilikuwa imekwenda.

"Haidhuru," akasema. "Nitaanza upya."

Akaanza upya. Ikaganda. Akaanza tena. Mpaka adhana ya adhuhuri alikuwa ameandika swali la kwanza la Fiqhi mara nyingi hata mimi nikawa nalijua: Taja nguzo za udhu.

Ishaka aliitwa. Kijana mrefu, mpole, ana bisibisi mfukoni mahali wenzake huweka kalamu. Alipopiga hodi, Mwanarehema akatoka haraka kwenye cherehani, akaivua kompyuta kanzu, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku la nguo. Mikono ya mafundi waijua ilivyo, na popolini nyeupe doa la grisi haliitoki. Ishaka akaingia, akasalimu, shikamoo bibi, akakaa, akaiwasha. Ikavuma. Akaandika, akafungua hiki na kile, akacheza hata mchezo wa karata. Akanywa chai kwa mahamri. Kompyuta ikaenda kama maji.

"Mbona yaenda?" akauliza.

"Asubuhi kutwa imeganda," Tumu akasema.

"Labda ni umeme wa hapa. Ikiganda tena niite."

Akaaga. Mwanarehema akaivisha kanzu. Hata vikombe sijavisuuza, kioo kikageuka buluu. Tumu akatoka mbio mpaka njiani bila viatu akimwita, lakini Ishaka alikwisha kupanda gari.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, na nakueleza kwa taratibu ili ujue hasira zilipotoka. Stambuli akasema ni umeme. Akaleta kisanduku cha kusawazisha umeme, kizito kama jiwe la kusagia, kina sindano inayocheza. Kompyuta ikaganda na sindano imetulia tuli. Ishaka akarudi, Mwanarehema akaivua kanzu, Ishaka akaifungua ubavu, akatoa vile vibao vya kumbukumbu, akavisugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli mpaka yakang'ara, akavirudisha. Ikaenda. Akaondoka, ikavishwa, ikaganda. Akaja mara nyingine akasema ni virusi vya disketi. Akaisafisha. Ikaenda. Akaondoka, ikavishwa, ikaganda.

Mwishowe Stambuli akasema ipelekwe Changamwe karakanani, ikachunguzwe huko. Mwanarehema akaivua, akaikunja kanzu, akaifua kabisa maadamu imepata nafasi. Kompyuta ikakaa kwa Ishaka siku kadhaa. Ikawa inawashwa asubuhi ikizimwa jioni, haikukohoa. Siku ya kuirudisha Stambuli alikuja anacheka peke yake tangu mlangoni.

"Nimeandika nayo ripoti za yadi nzima," akasema. "Ishaka kabadilisha hiki na kile, akarudisha vya zamani, yote mamoja. Mashine haina ugonjwa. Mgonjwa ni anayeitumia."

Tumu alikuwa akipanga karatasi. Akaziweka chini. "Mimi nafanya nini, mjomba?"

"Sijui. Wabonyeza kwa pupa. Wabonyeza mambo mawili pamoja. Ishaka asema ziko hata kucha ndefu zinazobonyeza visivyotakiwa."

Tumu akamwonyesha vidole. Kucha zake zilikuwa fupi kama za mtoto wa madrasa.

"Basi ni haraka. Hii si cherehani ya mamako."

Nikasikia cherehani chumba cha pili ikikanyagwa kwa nguvu.

"Kaa hapa," Tumu akamwambia. "Kaa mpaka igande, uone."

"Nina kazi, mwanangu. Siwezi kukaa nikiingojea kompyuta igande."

"Bibi, mwambie wewe. Waiona au huioni?"

"Naiona," nikasema. "Yaganda, Stambuli. Nimeiona kwa macho yangu."

"Mama nawe," akasema Stambuli kwa heshima zake zote, "wewe hata redio huiita santuri."

Hapo ndipo Tumu alipoanza kubadilika. Hakuna kinachomla mtu kama kusema kweli na kila shahidi anayemleta amgeuke. Kila Ishaka akija, mashine yaimba. Kila akitoka, yanyamaza. Tumu akaanza kuisemesha. "Wanichukia nini? Nimekufanya nini?" Akaanza kufunga milango kwa kishindo. Siku moja nilimkuta ameshika mwiko wa wali mbele ya kioo, sikumuuliza alitaka kuufanyia nini, nikaupokea tu.

Jirani yetu Jumwa alikuja kuchukua gauni lake kwa Mwanarehema, akaikuta hali ile. Akaitazama kompyuta kwa muda. "Hii imeonwa na jicho la hasidi," akasema. "Kitu cheupe hivi, kimekaa dirishani. Nyie mwataka nini? Kizibeni vizuri."

Jioni ile Mwanarehema aliifumua kanzu akaitia bitana. Kitambaa kizito cheusi, kile cha kushonea makoti, akakipitisha ndani yote, na ule mwanya wa disketi akautilia kifuniko chake. Ikakaa imara kama koti la baharia.

Tangu hapo ndio ikawa balaa. Kwanza ilikuwa yaenda kitambo ndipo igande. Sasa Tumu alikuwa hata hajamaliza swali moja. Akiandika Taja, yaganda. Akawa anawasha, anaandika maneno machache, anayaweka kwenye disketi, anazima, anakaa kuipepea kwa kipepeo cha jikoni bila kujua kwa nini anaipepea, anawasha tena. Kwa njia hiyo alipata karatasi ya Fiqhi na ya Sira. Zilibaki Tauhidi, Akhlaki na Historia.

Maalim Khatibu alikuja siku ya Jumatano. Hakukaa. Alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Binti, mtihani ni Jumamosi. Nimekuja mara ya tatu hii."

"Maalim, mashine..."

"Mashine nimeisikia. Kila nikija ni mashine. Mashine si mtoto, haina tumbo la kuuma." Akanigeukia. "Mama Mwanatabu, nakuheshimu. Lakini hawa vijana hawajui ahadi ni kitu gani. Kesho baada ya alasiri nikija nisikute karatasi zote, napeleka kwingine, na nitawaambia walimu wenzangu kwa nini."

Tumu alisubiri mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akaketi chini sakafuni, akalia kwa hasira, kilio kile ambacho mtu hujipiga mapaja mwenyewe. Mamake alitoka na kipande cha nguo mkononi, akasimama juu yake, kisha akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake Tumu alianza kazi alfajiri, na mpaka adhuhuri alikuwa amepata Tauhidi tu. Baada ya sala Stambuli akafika, na Ishaka nyuma yake, na pikapu ya kazini imeegeshwa nje na dereva wake. Maalim alikuwa amempigia simu kazini, na Stambuli alikuwa amekuja na uso ulioiva.

"Umeniaibisha," akasema kabla ya salamu. "Maalim Khatibu ndiye aliyenifundisha alifu kwa kijiti. Leo anipigie simu mbele ya bosi wangu?"

"Abee, mjomba, shikamoo," Tumu akasema bila kugeuka. Kioo mbele yake kilikuwa buluu.

"Inuka. Naichukua."

"Sijamaliza."

"Hutamaliza. Mwezi mzima hujamaliza. Inuka, mtoto wewe."

"Sinuki." Akageuka sasa, na mimi nilimwona babu yake usoni mwake, marehemu, siku alipokataa kuuza shamba. "Ulisema nina kucha. Ukasema nina pupa. Ukasema mimi ndiye mgonjwa. Haya, yaganda hii hapa, sijaigusa, mikono yangu hii hapa. Mwite fundi wako aangalie sasa, kabla haijazimwa. Ishaka, njoo uangalie."

Ishaka akapiga hatua, na Mwanarehema naye akatoka chumbani mbio kama desturi yake. "Ngojeni niivue kanzu kwanza."

"Dada, sina wakati wa kanzu," Stambuli akasema. Akapita baina yao, akazing'oa nyaya nyuma, akalikumbatia sanduku zima na yasmini zake, akaliinua kifuani.

Hakufika mlangoni. Alilirudisha mezani kwa kishindo, akautazama mkono wake.

"Yamoto hii," akasema. "Ishaka, hii yaungua."

Ishaka akaweka kiganja juu ya popolini, akakitoa. Akaweka tena, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. "Hii nguo ni ya nini?"

"Ni kanzu yake," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Mimi sijaiona nguo hii hata siku moja," Ishaka akasema.

Tumu alikuwa amesimama. Nilimwona akili yake ikienda kama vidole vyake. Akashika lastiki, akaivuta kanzu ikatoka, bitana imeshika harufu ya pasi iliyoachwa kwenye nguo. Akaweka mkono nyuma kule kwenye matundu kama chungio.

"Hapa ndipo inapotolea pumzi," akasema. "Sivyo, Ishaka?"

"Ndipo. Feni yatoa joto hapo."

"Rudisha nyaya."

Stambuli akataka kusema, Tumu akainua mkono tu, na huyu ni mtoto kwa mjombake, lakini Stambuli alinyamaza. Ishaka akarudisha nyaya. Wakaiacha ikapoa kidogo, kisha Tumu akaiwasha ikiwa tupu, akaanza kuandika Akhlaki. Tukasimama wote kama watu wanaongojea mwezi. Akamaliza ukurasa wa kwanza. Akamaliza wa pili. Printa ikaanza kulia kri kri kri, karatasi ikatoka. Akamaliza Akhlaki yote, sanduku lavuma, kioo cheupe. Kisha, kwa makusudi, akaitwaa kanzu akaivisha, akavuta lastiki mpaka chini, akakunja mikono, akangoja. Alikuwa hajaandika hata neno. Tukangoja naye. Kioo kikageuka buluu.

Akaivua tena, akaitupa kanzu chini.

Ungedhani hapo tungefurahi. Ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza.

"Kumbe ni wewe," Stambuli akamwambia dadake. "Mwezi mzima. Nimenunua kile kisanduku cha umeme, nimembeba Ishaka kutoka Changamwe mara ngapi sijui, nimetukanwa na Maalim, kumbe ni wewe na maua yako. Nani aliyekwambia kompyuta huvaa? Ushamba gani huu, dada?"

"Nawe ulikuwa ukiiona imevaa, ukija hapa," nikamwambia.

"Niliona kama ninavyoiona friji, mama. Nani huangalia friji imevaa nini?"

Tumu naye hakumwonea huruma. Hasira aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sanduku ilitafuta pa kwenda. "Mama, nilikuwa nikilia hapa mbele yako," akasema. "Naitwa mwongo, naambiwa sina adabu ya ahadi. Na wewe umekaa pale na sindano waitia bitana. Bitana, mama. Hukuona kila ukiivua yapona?"

"Nitaonaje?" Mwanarehema akasema. "Nikiivua mafundi wameingia, nami narudi jikoni kuwapikia chai."

"Si ungeuliza."

"Niulize nini?"

"Uulize chochote. Hii ni mashine, si mwari wa kupambwa. Kama hujui kitu si ukiache?"

Mwanarehema aliinama, akaiokota kanzu. Akaipiga vumbi. Nilidhani atarudi chumbani kama siku zote, na cherehani itasema kwa niaba yake. Hata nilikuwa nimetega sikio. Lakini aliikunja kanzu mara moja, akaikunja mara ya pili, akaiweka juu ya mikono ya Stambuli, kama mtu anayemrudishia mwenziwe kitu chake. Kisha akaenda mezani. Akamwambia Tumu, "Inuka."

Tumu akainuka. Sauti ile hakuwa ameisikia kabla.

Mwanarehema akakaa kwenye kiti. Vidole vyake vilikuwa na unga mkavu kwenye kucha. Stambuli akafungua mdomo, naye akamwonyesha kidole bila kumtazama.

"Usinidake mkono leo," akasema. "Siku ile ulinidaka mbele ya watu, ukasema nina mafuta, mkacheka, nami nikacheka kwa sababu ningefanyaje. Mwajua kwa nini nilishona? Kwa sababu hicho ndicho mlichoniruhusu. Kuivisha na kuivua. Kila nikitia maua nasema, labda leo mtu ataniuliza, Mwanarehema, wataka nini. Hapana hata mmoja. Wewe mjuzi hukuuliza. Na wewe, niliyekupeleka chuo kwa cherehani ile unayoitukana, hukuuliza. Mwataka nijue vipi kwamba kitu chapumua, na hamtaki nikae karibu nacho?"

Nje dereva wa pikapu alipiga honi, hakuna aliyetoka.

"Karatasi ya Historia iko wapi?" akauliza Mwanarehema.

Tumu akaiweka mbele yake, karatasi ya Maalim, mwandiko wake wa kulala.

"Maalim aja baada ya alasiri. Utaandika wewe, najua, una haraka, mimi sitakuchelewesha. Lakini mstari wa juu kabisa, pale paandikwapo jina la somo, huo nitauandika mimi. Nionyeshe H iko wapi." Akanyoosha kidole, kikasimama juu ya herufi bila kugusa, na hasira zingali machoni. "Sikutaka kuivisha nguo mimi. Tangu siku ile nilitaka kubonyeza."